PAKA ALIYEPOTEA

Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Nilipokuwa mwanafunzi niliitumia methali hiyo katika insha nyingi bila kuitafakari. Mwaka paka wa mama alipopotea ndipo nilipotambua kuwa panya ni sehemu ndogo tu ya hasara.

Kwetu ni Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Kila Desemba Wachaga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda kuja kula Krismasi nyumbani. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, mbuzi huchinjwa na mbege hunywewa. Mwaka Mpya ukishapita, magari huteremka, milango hufungwa, na migomba hubaki na wazee.

Mwaka huo ndugu zangu waliondoka tarehe 3 Januari. Mimi nilibaki nikisubiri shule ifunguliwe. Kesho yake jioni mama alimimina maziwa katika kisahani, akamwita Chui, paka wake wa mabaka. Chui hakuja.

Tulimtafuta. Nilipita chini ya mibuni, nikafuata mfereji, nikachungulia mazizi ya majirani. Jirani mmoja alicheka akasema, "Mwalimu, paka tu huyo! Nitakupa mwingine." Sikumjibu. Hofu yangu ilikuwa sumu ya panya ambayo watu huweka kwenye maghala ya mahindi, kwani paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Hofu hiyo sikumwambia mama.

Usiku wa tatu panya walikuwa wakikimbizana darini. Hata hivyo, kila jioni mama aliendelea kumimina maziwa, na kila asubuhi aliyamwaga. Nilipomshauri aache, alinitazama, kisha akasema, "Ninyi mkiondoka huwa mnaniaga. Yeye hakuniaga."

Maneno yale yalinichoma. Wiki moja kabla, nyumba ilikuwa na watu kumi na wanne. Sasa tulikuwa wawili, na baada ya siku chache angebaki peke yake. Chui ndiye aliyekuwa akilala miguuni pake sisi tukiwa mbali.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kulichambua swali: alionekana lini mara ya mwisho? Asubuhi ya tarehe 4. Siku hiyo nini kilitokea? Jirani wa upande wa juu alipakia mizigo, akafunga nyumba, akarudi Dar es Salaam. Niliruka kitandani, nikachukua tochi, nikaenda kugonga dirisha la nyumba ile. Kutoka ndani ilisikika sauti nyembamba, kama ya mtoto mchanga.

Kulipokucha nilimpigia simu mwenye nyumba. Niliona aibu kumsumbua mtu mzima kwa ajili ya paka, lakini hakucheka. "Pole sana, Mwalimu," alisema. "Ufunguo uko kwa babu anayenitunzia shamba." Babu alikuja na mkongojo wake, akafungua. Chui alitoka chini ya kitanda, amekonda, mbavu zinahesabika. Bafuni palikuwa na ndoo yenye maji kidogo. Bila shaka ndiyo iliyomwokoa.

Mama hakupiga kelele wala vigelegele. Alimimina maziwa, akavuta kigoda, akakaa akimtazama mpaka kisahani kikawa kitupu. Kisha akasema taratibu, "Haya, umefika."

Siku niliyoondoka nilimuaga mama vizuri kuliko miaka yote. Zamani nilikuwa nikimpigia simu Jumapili hadi Jumapili. Siku hizi nampigia kila jioni, saa ile ya maziwa. Tukishasalimiana, huanza kunieleza habari za Chui, nami husikiliza mpaka mwisho.