Bibi wa Namba Sifuri

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikarudi hapa Kipalapala na ndoto ya kuandika riwaya, nilimfuta bibi wa watu kwenye orodha, tena kwa mstari mmoja tu!

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina wanachama 60. Mwisho wa mwaka wanagawana akiba kwa zamu tatu, watu ishirini ishirini. Kwa kuwa mwenye kompyuta ni mimi (ya mtumba, kioo kimepasuka), daftari likaletwa kwangu. Nilikuwa najifunza Python, lugha ya kompyuta aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991. Basi nikajifanya fundi:

for jina in majina[1:20]:
    print(jina)

Yaani, pita kwenye kipande hiki cha orodha, jina moja moja, uliandike. Karatasi ikabandikwa mlangoni kwa katibu, nikaenda zangu.

Asubuhi bibi mmoja akaja na mkongojo wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, mmenitoa kwa sababu nilichelewesha mchango wa masika?"

Jamani! Ndiye aliyeanzisha kikundi, na jina lake ndilo la kwanza daftarini. Usiku kucha hakulala.

Nikahesabu: majina 19. Kumbe Python huanza kuhesabu kwenye sifuri! Wa kwanza yuko nafasi ya 0, na namba ya mwisho kwenye mabano ni mpaka tu, yenyewe haichukuliwi. Kwa hiyo [1:20] inaanzia kwa mtu wa pili. Sahihi ni [0:20], au kwa kifupi [:20]. Zamu ya pili [20:40], ya tatu [40:60]. Hakuna anayerudiwa wala anayeachwa, na ukitoa namba ndogo kwenye kubwa unapata ishirini zako.

Sisi tunakaa kwenye njia ya misafara ya kale, ile ya Bagamoyo mpaka Ujiji. Wapagazi walipanga mstari, kirangozi akitangulia. Mimi nilianza kuhesabu kwa anayemfuata, nikamwacha anayeijua njia.

Nilitoa karatasi upya, nikampelekea kwa miguu. Kusoma kunampa taabu, akaniomba nimwonyeshe jina lake. Nikaweka kidole. Naye akaweka chake, akakiacha pale kitambo.

Riwaya haijafika sura ya tatu. Lakini siku hizi, kabla sijabandika orodha yoyote, nasoma kwa sauti jina la kwanza na la mwisho.