Pampu iliyokataa kuamka

Wiki jana jamaa mmoja wa Mombasa, anayefuga samaki wa baharini na matumbawe sebuleni kwake, aliniandikia akilalamika kwamba pampu yake ya pili imekufa kabla ya mwaka kwisha. Nilicheka kidogo, kisha nikakumbuka kwamba mimi si wa kumcheka mtu kwa jambo hilo. Haya basi wasomaji, ule mfululizo wa hifadhidata utasubiri. Leo acheni niwasimulie yaliyonikuta mimi na pampu zangu hapa Pipeline.

Ninaishi ghorofa ya nne, kwenye mojawapo ya zile ploti zilizobanana hadi unaweza kuomba chumvi dirishani kwa jirani wa ploti nyingine. Mchana kweupe nawasha taa. Chumbani nina kitanda, meza, tarakilishi, na tangi la samaki la sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Samaki wenyewe asili yao ni Ziwa Malawi, wale wa samawati na manjano wanaogombana kutwa kama makanga wanaogombea abiria. Walikuwa 11.

Chini ya tangi kuna tangi jingine dogo la plastiki. Maji hushuka huko yenyewe kwa bomba, yakapita kwenye sponji na mawe ambamo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki, halafu pampu inayarudisha juu. Pampu ikisimama, hewa iliyo ndani ya maji inaanza kupungua, na wale bakteria, ambao nao wanahitaji oksijeni, wanaanza kufa. Kwa hiyo pampu ndiyo moyo wa kila kitu, na moyo wenyewe niliununua kwa bei ya chini kabisa dukani.

Pampu ya kwanza iliishi miezi mitano. Ilikuwa inazunguka vizuri siku nzima, lakini stima ikipotea na kurudi, inanguruma tu bila kusukuma maji. Ukiipiga kofi, inaamka. Mwishowe hata kofi halikusaidia, nikaitupa kwenye sanduku la nyaya nikanunua nyingine. Ya pili ikaanza tabia ile ile mwezi wa nne.

Sasa mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na mwenye shahada huwa na nadharia. Nadharia yangu ilikuwa ni stima. Nikapima kwa mita saa moja jioni, wakati kila mtu anapika na kupiga pasi, nikapata volti 205 mahali panapotakiwa kuwa na 240. Nikafurahi sana! Mkosaji amepatikana, tena si mimi.

Kwa kuwa sikuweza kurekebisha stima ya mtaa, nilifanya kile tunachokifanya kazini seva ikigoma: nikaandika programu ya kuizima na kuiwasha upya. Nilipanda matatu hadi Luthuli Avenue, nikanunua kibao cha ESP8266, relei na sensa ya kina cha maji. Sensa ikiona maji yamejaa tangi la chini, maana yake pampu hairudishi kitu. Relei inakata stima sekunde 10, inawasha, inajaribu tena hadi pampu iamke. Kila jaribio linaandikwa kwenye faili. Ilifanya kazi, nikajisifu ofisini, na nikaacha kabisa kuiangalia pampu.

Tarehe 25 Agosti 2023, usiku kabla ya saa nne, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mtakumbuka hata uwanja wa ndege wa JKIA, ambao kutoka kwetu si mbali, ulikuwa gizani. Mimi nilikuwa Outer Ring, ndani ya matatu, narudi kutoka kwa rafiki. Nilipofika kwenye ngazi nikasikia naitwa.

"Kijana wangu, hebu kuja. Hii maji inatoka wapi?"

Alikuwa mama wa ghorofa ya tatu, fundi wa nguo. Chumba chake kiko moja kwa moja chini ya changu. Alikuwa ameshika tochi ya simu, na juu ya cherehani dari lilikuwa linatiririsha. Mezani palikuwa na sare za kwaya za kanisa, nyeupe, za kuchukuliwa Jumamosi asubuhi. Maji ya tangi la samaki si meupe.

"Ni yangu, mama. Pole sana."

Sikuwa na neno jingine. Alizitazama zile nguo, akasema, "Basi leta beseni," akanipa sabuni, tukafua sare 8 kwenye giza, yeye akisugua na mimi nikisuuza kwa maji ya mitungi yake aliyoyanunua mwenyewe. Keriteka alikuja, akatuangalia, akaondoka bila kuuliza.

Stima ilirudi kwetu mchana uliofuata. Programu yangu ikaanza kazi yake kwa bidii: zima, washa, zima, washa. Pampu haikuamka. Jioni nilikuwa na samaki 4.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta tatizo sawasawa, na nilianza na hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Stima ikikatika, bomba la kurudisha maji hugeuka kuwa kama ule mpira wa kunyonyea mafuta ya taa kwenye mtungi: maji yanavutwa chini hadi mdomo wa bomba upate hewa. Ndiyo maana hutobolewa kitundu kidogo kwenye bomba karibu na uso wa maji, kiingize hewa mapema. Mimi nilikitoboa, nikakijaribu mara moja, nikakisahau. Mwani ulikuwa umekiziba. Mdomo wa bomba ulikuwa sentimita 6 chini ya maji. Kila sentimita ya tangi langu ni lita 3.6, jumla lita 21 na ushei zikashuka. Tangi la chini lilibakiwa na nafasi ya lita 12. Hizo nyingine 9 ndizo zilizoshukia kwaya.

Pampu nayo nikaifungua. Pampu hizi hazina brashi wala kifaa cha kuianzisha. Ndani kuna sumaku tu inayozunguka kwenye maji, ikiifuata stima mara 50 kwa sekunde. Kuanza, sumaku hutikisika huku na huku hadi ishike mdundo, na ili isaidike, pangaboi lake limeachiwa nafasi lizunguke kidogo bila mzigo kabla ya kukamatana na sumaku. Nafasi hiyo ndiyo siri yote. Yangu ilikuwa imejaa chokaa, ngumu kama saruji. Ikiwa inazunguka, chokaa haidhuru sana. Ikisimama, haina tena pa kutikisikia.

Na chokaa ilitoka wapi? Kwangu! Samaki wa Malawi hupenda maji magumu, kwa hiyo nilikuwa nimejaza tangi la chini vipande vya mawe ya matumbawe, yale ya kujengea nyumba Pwani, niliyoyaokota kwenye mjengo Kilifi. Chokaa huganda kwa urahisi zaidi maji yakipata joto, na mahali penye joto kuliko pote ni kwenye koili ya pampu. Volti 205 zilichangia, sikatai, lakini zilikuwa zinaisukuma pampu iliyokwisha kufungwa.

Kilichoniuma zaidi ni lile faili la programu. Mei jaribio 1 lilitosha kuiamsha pampu. Julai yalihitajika 6. Tarehe 19 Agosti, 14. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa na programu niliyoiandika mwenyewe, na sikuwahi kulifungua.

Nililoweka pampu usiku kucha kwenye siki na maji, nusu kwa nusu. Asubuhi nilisugua kwa mswaki wa zamani, nikaisuuza, ikaamka mara ya kwanza. Nikaitoa na ile ya kwanza kwenye sanduku la nyaya, nikailoweka vivyo hivyo. Nayo ikaamka. Haikuwa imekufa kamwe.

Jamaa wa Mombasa nimemwambia afanye hivyo, tena mara nyingi kuliko mimi, kwa sababu matumbawe hulazimisha kuweka kalsiamu nyingi majini. Na asiilowekee ndani ya tangi, tafadhali.

Sare zilitakata, isipokuwa moja niliyoilipia kitambaa. Ile programu ingali ipo, ila sasa baada ya majaribio 3 inaacha na kunitumia ujumbe. Na kila Jumamosi saa tatu usiku nachomoa plagi kwa mkono, natazama maji yanashuka hadi wapi, nahesabu dakika mbili. Mngurumo ukikatika, mama wa chini hugonga dari kwa ufagio.

"Umezima?"

"Nimezima, mama."

"Haya, ngoja nitoe nguo."