Ruzuku, Masika na Konokono

Fomu ya maombi ya ruzuku ilikuwa na kurasa kumi na mbili, na ukurasa wa nne ndio uliomnyima usingizi. Uliuliza jambo moja tu: ni swali gani mwombaji anataka kulijibu, na kwa nini swali hilo listahiki kutolewa fedha. Mwanafunzi huyo, binti wa kaskazini ya Pemba aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika elimu ya vimelea, alikuwa na maswali mawili. La kwanza aghalabu lingempatia fedha. La pili lilikuwa lake.

Swali la kwanza lilikuwa la maabara. Lilihusu njia mpya ya kukitambua kimelea cha kichocho ndani ya mwili wa konokono kwa kuchunguza vinasaba. Hapana shaka lilikuwa swali zuri. Unguja kuna konokono wa maji baridi wa namna mbili wanaofanana hata mtaalamu huwachanganya: Bulinus globosus, ambaye hukilea kichocho, na Bulinus nasutus, ambaye hakilei. Huyu wa pili ndiye anayeishi kusini ya kisiwa, na kwa sababu hiyo watu wa kusini wamesalimika na maradhi yaliyowasumbua wenzao wa kaskazini na kati. Jicho peke yake lisingeifichua siri hiyo. Vinasaba ndivyo vilivyoifichua. Kwa hiyo binti hakuidharau maabara hata kidogo. Alijua pia kuwa wafadhili huipenda, kwani matokeo yake huchapishwa katika majarida makubwa na vifaa vyake hupigwa picha vikapendeza.

Swali la pili lilikuwa la mtoni. Siku ambayo bomba la kijijini halitoi maji, ni watu wangapi wanaorudi kwenye kijito, nao huingia majini saa ngapi? Basi, ni hilo tu. Halikuhitaji mashine. Lilihitaji daftari, saa, mabuti ya mpira, wavu wenye mpini mrefu wa kuchotea konokono, na gilasi kadhaa za maji safi za kuwatia konokono hao na kuwaweka juani ili ionekane kama watatoa viluwiluwi vya kichocho. Lakini ndani ya wepesi wake mlikuwa na jambo zito. Viluwiluwi hivyo humtoka konokono jua linapopanda, na huzidi wakati wa mchana. Mayai ya kimelea nayo hutoka kwa wingi katika mkojo wa mgonjwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Saa hizo hizo ndizo ambazo kina mama hufua na watoto hutoka skuli wakiwa na joto na vumbi. Mwenye kutaka kuukata mzunguko huu hana budi kuijua saa ya maji kama mvuvi anavyoijua saa ya bamvua.

Binti aliijua kabla hajajua kuwa ni elimu. Utotoni alifua pale penye jiwe la bapa pamoja na mama yake, na kaka yake alikojoa damu bila ya mtu nyumbani kushtuka, maadam watoto wengi wa kiume wa rika lake walikojoa hivyo hivyo. Siku za ugawaji wa dawa walisimamishwa skuli mbele ya ubao wenye alama, wakapimwa urefu, na urefu wa mtoto ndio ulioamua ameze vidonge vingapi. Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu. Ilipofika Ijumaa, walikuwa wamekwisha rudi majini. Miaka mingi baadaye, darasani, alisoma kuwa dawa ile, prazikwanteli, huwaua minyoo waliokomaa lakini huwaacha wachanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Alifunga kitabu akamkumbuka kaka yake na ile Ijumaa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huu hutajwa sana kila panapozungumzwa haja ya kuwasomesha wenyeji ili wachunguze maradhi ya kwao, na ni msemo wa haki. Lakini una upande wa pili usiotajwa. Anayekilalia kitanda kila siku huzoea kuumwa, mwisho asihisi tena. Nyumba nzima iliona damu katika mkojo wa mtoto, na nyumba nzima ilinyamaza. Ruzuku ya mwanafunzi, ikitolewa vizuri, humnunulia mwenyeji kitu ambacho mgeni huja nacho bure, nacho ni umbali wa kukitazama kitanda chake upya. Mgeni naye hawezi kununua kwa fedha yoyote ile kumbukumbu ya jiwe la bapa.

Fedha za utafiti hazikuanza leo kuchagua maswali. Kichocho ni maradhi ya kale. Mayai yake yalionekana ndani ya maiti zilizohifadhiwa tangu zama za Mafirauni. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani aliyekuwa Cairo, alimtambua mnyoo mwenyewe. Ikapita zaidi ya miaka sitini bila ya kuthibitishwa huko Misri mnyoo huyo anapita njia gani kumfikia mwanadamu. Mwaka 1915 Robert Leiper alipelekwa huko na Wizara ya Vita ya Uingereza, naye akaonesha kuwa njia ni konokono wa maji baridi. Jibu lile limewafaa walimwengu wote. Hata hivyo, lililofungua mfuko halikuwa mkojo wa mtoto wa mkulima wa Misri, bali hofu juu ya afya ya askari wa himaya. Swali lilimfuata mwenye fedha, na mtoto akafaidika kwa kupita njia.

Visiwani, hali haikuwa ya namna ile moja kwa moja. Mwaka 2000 Pemba ilifunguliwa maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Kiitalia, na kuanzia 2011 Zanzibar ilishirikiana na wataalamu wa nje katika jaribio kubwa la kukitokomeza kichocho. Shehia 90 zilihusishwa, 45 Unguja na 45 Pemba. Kote kuligawiwa dawa. Baadhi ya shehia ziliongezewa kazi ya kuua konokono, na nyengine ziliongezewa elimu ya kubadilisha mwenendo, pamoja na majukwaa ya kufulia yaliyojengwa ili watu waepuke mito. Maradhi yalipungua sana. Lakini hayakukatika. Yalisalia hapa na pale, katika kijiji hiki na si kile, kandokando ya kijito fulani ambacho ramani kubwa haikitaji hata jina. Mabaki kama hayo hayaondoki kwa swali la jumla. Yanataka mtu wa kuuliza kwa nini hapa, na kwa nini mwaka huu.

Usiku mmoja binti alimsomea bibi yake muhtasari wa swali la kwanza. Fomu iliutaka kwa Kiingereza, basi ikambidi autafsiri sentensi baada ya sentensi, akatambua kuwa baadhi ya sentensi zikivuliwa Kiingereza hazibaki na kitu. Alipofika mwisho, bibi aliuliza:

"Na sisi, mjukuu wangu, utatwambia lini?"

"Kukwambieni nini, Bibi?"

"Hayo utakayoyaona. Wamekuja wengi hapa, tumewapa mikojo yetu kwenye vikopo. Wengine walirudi kutwambia. Wengine hatujawaona tena."

Binti aliitazama tena jadweli ya bajeti. Palikuwa na fungu la vifaa, fungu la safari, fungu la kuhudhuria mkutano wa wataalamu ng'ambo. Hapakuwa na fungu la kurudi kijijini na majibu.

Asubuhi yake alikwenda kwa mwalimu wake na maswali yote mawili. Mwalimu, ambaye naye alipata kusomeshwa kwa ruzuku, hakumficha.

"La kwanza litapita," alimwambia. "La pili wataliona dogo. Na kuna jengine. Ruzuku hii ni ya miezi kumi na miwili, na fedha hufika Juni. Masika yamekwisha ondoka. Ukichelewa kidogo kuanza na vuli nayo ikakupita, utahesabu konokono wakati madimbwi yamekauka na wao wamejizika topeni."

"Na nikianza Juni, mwalimu, wataniruhusu kumaliza baada ya masika yajayo?"

"Waulize. Konokono hawezi kuandika barua ya kuomba muda. Itabidi umwandikie wewe."

Nalo si jambo la mzaha. Mwaka wa fedha una miezi yake, na maji yana yake. Kazi ya mwanafunzi wa vimelea ni kusimama katikati bila ya kuidanganya pande yoyote. Wapo waliohesabu kiangazi wakaandika kana kwamba wamehesabu mwaka mzima, si kwa ubaya, bali kwa kuwa tarehe ya ripoti imefika. Uongo wa namna hiyo ni mdogo katika karatasi. Kijijini ni mkubwa, kwa sababu kwa hesabu hiyo dawa huenda ikapelekwa pengine.

Pia hapana mfuko usiokauka. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, kazi nyingi za kupambana na maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa zilisimama katika nchi mbalimbali, na vijana waliokuwa wakitegemea miradi hiyo wakabaki na nusu ya hesabu. Funzo lake si kukataa fedha za mgeni. Funzo ni kuwa nchi isiyotenga chochote, japo kidogo, kwa ajili ya maswali ya wanafunzi wake, huazima maswali pamoja na fedha, na siku mkopeshaji akiondoka huondoka na vyote viwili.

Binti aliijaza fomu kwa siku tatu. Katika ukurasa wa nne aliandika swali la kijito. Alieleza waziwazi kuwa gharama yake ni ndogo kuliko kiwango kilichotangazwa, na kuwa anaomba miezi kumi na sita badala ya kumi na miwili ili kazi iyakute masika. Alifuta fungu la mkutano wa ng'ambo. Mahali pake aliweka mstari mmoja wa nauli, chai na ukodishaji wa viti, akauita kikao cha kurudisha matokeo kwa wanakijiji, mbele ya sheha.

Alijua huenda akakataliwa. Siku ya mwisho ya kupokelewa maombi aliituma, akavaa mabuti, akateremka kijitoni na daftari lake. Bomba lilikuwa halijatoa maji tangu juzi. Ilikuwa saa tano na robo, na juu ya jiwe la bapa walikuwapo kina mama wanne.