Mgawaji wa Memphis

Mpwa wangu ana miaka 16 na hucheza kikapu kila jioni. Simu yake imejaa vipande vya Stephen Curry na Anthony Edwards. Tulikuwa tunatazama marudio ya mchezo wa Minnesota akaniuliza, "Mjomba, huyu mzee anafanya nini pale? Hafungi, haruki." Aliyekuwa akimnyooshea kidole ni Mike Conley. Nikamjibu kwamba kama yupo mchezaji aliyenifundisha kuutazama mchezo huu, basi ni huyo. Aliitikia kwa adabu, kisha akarudi kwenye simu yake.

Swali lile limenikuta nyumba moja ya Magomeni imeshavunjwa kupisha ghorofa. Kwenye baraza ya nyumba ile palikuwa na mgahawa wa mzee mmoja wa Kipemba ambaye sote tulimwita Ami. Sijui kumweleza mtu habari za Conley bila kuanzia pale.

Kwanza nikiri: vijana wa Magomeni hatukuifuata Memphis kwa ajili ya Conley. Tulimfuata Hasheem Thabeet. Nimehakiki tarehe: ulikuwa usiku wa 25 Juni 2009 kwa saa za New York, kwetu ikiwa tayari ni 26. Wa rika langu hawahitaji kalenda, maana ndio usiku uleule wa habari za Michael Jackson. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka ule, Memphis Grizzlies walimchukua kijana wetu wa Dar es Salaam akiwa wa pili kati ya wote, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba. Kulipokucha, watu ambao hawajawahi kuliona jimbo la Tennessee kwenye ramani walikuwa na timu huko.

Tatizo lilikuwa saa. Mchezo unaoanza saa moja jioni Memphis, huku kwetu ni saa tisa au saa kumi usiku, kutegemea majira yao. Nani yuko wazi saa hizo? Ami. Yeye alifungua kwa ajili ya madereva na makonda wa daladala, wachuuzi waliokuwa wakiwahi samaki soko la Feri, na walinzi waliomaliza lindo. Ukikata kona tu, harufu inakupokea: tangawizi iliyopondwa muda huohuo, iliki, mkaa unaokolea, na chapati ya kwanza ambayo hakumuuzia mtu. Ile aliila paka wake. Ya pili ndiyo iliyoanza kuhesabiwa.

Juu ya kabati la vikombe palikuwa na televisheni, na juu ya mabati palikuwa na dishi. Masharti yake yalikuwa machache. Anayekaa, anakunywa. Anayetukana, anatoka, hata kama kikombe chake bado kina moshi. Adhana ya alfajiri ikisikika, sauti ya televisheni inazimwa. Anayekwenda kuswali huenda, anayebaki hubaki kimya. Michezo ya Memphis haikuonyeshwa mara kwa mara, kwa kuwa chaneli zilipenda timu za miji mikubwa. Siku nyingine tulikunywa chai tukitazama Lakers, tukasubiri kupambazuke ili tukasome matokeo ya Memphis kwenye kibanda cha intaneti. Lakini siku walipoonyeshwa, baraza ilijaa.

Hasheem hakupata nafasi. Februari 2010 walimpeleka kwenye ligi ndogo, Dakota, na Februari 2011 wakamhamishia Houston. Nakumbuka uchungu wa baraza ile. Wenzetu wengi hawakurudi tena saa hizo. Usingizi una haki yake, na sababu yao ilikuwa imeondoka. Mimi na wachache tukabaki, na asubuhi moja Ami, aliyekuwa hajui hata kikapu kimoja kina pointi ngapi, akasema akiwa anageuza chapati: "Mrefu wenu kaondoka. Mimi namtazama huyu mgawaji."

Alikuwa amemwona Conley. Ami alikulia kwenye shughuli za kijijini, ambako mtu mmoja hupewa sufuria la pilau na kazi ya kuhakikisha wageni wote wanakula. Mgawaji mzuri, alituambia, hutazama mkeka mzima kabla hajachota, na sahani yake huwa ya mwisho. Tukaanza kutazama kama yeye. Tukaacha kufuata mpira, tukafuata macho ya aliyeushika.

Conley alizaliwa Fayetteville, Arkansas, mwaka 1987, akakulia Indianapolis. Baba yake, Mike Conley mkubwa, ni bingwa wa Olimpiki wa miruko mitatu, Barcelona 1992, aliyeruka mita 18.17 siku ile. Mtoto hakupewa urefu wa kutisha. Akiwa shule ya Lawrence North alicheza na senta mkubwa, Greg Oden, wakachukua ubingwa wa jimbo mara 3 mfululizo. Wakaenda pamoja chuo kikuu cha Ohio State wakafika fainali ya taifa ya 2007. Oden akateuliwa wa kwanza na Portland, Conley wa nne na Memphis. Hapo palikuwa na somo ambalo watu hawakuliona: huyu kijana alikuwa amekua akiwalisha warefu. Alijua mtu mrefu anataka mpira upande gani, kwa urefu gani na kwa wakati gani.

Ni mtu wa mkono wa kushoto. Akipiga kutoka mbali hutumia kushoto, lakini akishaingia kati ya warefu, mara nyingi mpira huachiwa kwa kulia, taratibu, ukapanda juu ya mikono yao. Beki anayemsubiri kushoto huwa amechelewa. Mwanzoni Memphis hawakumkubali. Alipoongezewa mkataba mwishoni mwa 2010, wa miaka 5 na zaidi ya dola milioni 40, wengi walisema pesa zimemwagwa mchangani.

Majibu yalikuja Aprili 2011. Memphis waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane, wakapangiwa San Antonio, wa kwanza. Hadi siku ile, klabu ilikuwa imecheza michezo 12 ya hatua hiyo katika historia yake na kupoteza yote 12. Mchezo wa kwanza wakashinda 101-98, na aliyepiga pointi 3 za kuamua mwishoni alikuwa Shane Battier, mtu waliyemleta kutoka Houston katika mabadilishano yaleyale yaliyomwondoa Hasheem. Baraza ya Ami ilipokea ushindi ule kwa hisia mbili kwa pamoja. Mchezo wa sita, 99-91, Zach Randolph akafunga pointi 31 na San Antonio wakatolewa. Ilikuwa alfajiri ya Jumamosi. Makonda waliosimamisha magari wakitaka chapati za kufungiwa walitukuta tumekumbatiana, hawakuelewa tumepata nini.

Randolph, Marc Gasol, Tony Allen na Conley. Timu ile haikuwa na haraka. Ilicheza polepole, kwa mabega na viwiko, na mpira ulirudi kwa Conley kila ilipotaka kupumua. Mwaka 2013 walifika fainali ya Magharibi, wakipita juu ya Oklahoma City, ambako Hasheem alikuwa amevaa jezi. Tulikaa njia panda siku zile, na sioni aibu kusema wengi tulibaki na mgawaji.

Mchezo ninaoutaka mpwa wangu auone wote, si kipande, ni wa Mei 2015. Conley alivunjika mifupa ya uso dhidi ya Portland, akafanyiwa upasuaji. Siku chache baadaye Memphis walikwenda kwa Golden State, waliokuwa hawajafungwa nyumbani kwa michezo 21 mfululizo. Jioni ile Curry alikabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa msimu mbele ya watu wake. Huku kwetu kulikuwa kunapambazuka. Conley alitoka na barakoa usoni, jicho moja limejaa damu, akafunga pointi 22, Memphis wakashinda 97-90. Ami aliacha chapati iungue. Ndiyo mara pekee niliyoiona.

Golden State walishinda mapambano yale hatimaye, wakachukua ubingwa, na mchezo ukageuka. Msimu ambao Hasheem aliingia, timu moja ilipiga wastani wa mipira 18 hivi ya pointi 3 kwa mchezo; msimu wa 2023-24 ilikuwa 35. Pointi gadi, aliyekuwa mtu wa kupanga meza, akaanza kudaiwa afunge kwanza, agawe baadaye. Simlaumu Curry, ni fundi wa ajabu. Ninachokilalamikia ni kinachotufikia sisi: vipande vya sekunde 15 vinavyoanza mpira ukiwa tayari angani. Pasi imekatwa. Yule aliyemvuta beki pembeni amekatwa. Kijana anaamini kikapu huzaliwa mkononi mwa mfungaji. Nenda kiwanja chochote cha Dar jioni utawaona: wanafika, wanasimama nyuma ya mstari, wanapiga, wanagombania mpira, wanapiga tena. Senta anakimbia mchezo mzima bila kupewa hata mmoja. Mtoto mrefu mwingine akitokea kwetu kesho, nani atakayejua kumlisha?

Miaka iliyofuata naipitisha upesi, kama ilivyopita. Mwaka 2016 Conley alisaini dola milioni 153 kwa miaka 5, mkataba mkubwa kuliko wowote katika ligi hadi siku hiyo, na waliosema zimemwagwa mchangani walikuwa wamenyamaza. Ami alifariki katika miaka hiyo. Wanawe wakaendelea na chai mchana tu, alfajiri wakaifunga. Mwaka 2019 Memphis walimpeleka Utah, akiwa ndiye aliyewahi kuwafungia pointi nyingi kuliko wote. Mwaka 2021, katika msimu wake wa 14, akaitwa kwa mara ya kwanza kwenye Mchezo wa Nyota, tena kujaza nafasi ya aliyeumia. Tuzo ya mwenzi bora wa timu alikuwa ameshaipata 2019, akaipata tena 2024 akiwa Minnesota.

Ni Minnesota hiyo ambayo Mei 2024 iliwatoa mabingwa Denver. Conley hakucheza mchezo wa tano kwa sababu ya mguu, wakapoteza. Akarudi wa sita, wakashinda kwa tofauti ya pointi 45. Wa saba walikuwa nyuma kwa 20, wakageuza. Alikuwa na miaka 36, na msimu ule zaidi ya asilimia 44 ya mipira yake ya mbali iliingia. Mchezo ulipobadilika alijifunza upya, lakini sahani yake aliendelea kuiweka mwisho.

Magomeni, pale palipokuwa na baraza, ghorofa imepanda na chini yake panauzwa makava ya simu. Hakuna anayefungua saa tisa usiku. Vijana wanatazama mchezo kila mtu chumbani kwake, asubuhi hawana wa kubishana naye, na mzee asiyejua kanuni hana pa kuwaambia amemwona nani. Hilo linaniuma kuliko matofali.

Memphis wamekwisha kutundika jezi za Randolph, Gasol na Allen. Conley alipoondoka, klabu ilitangaza kwamba namba 11 yake nayo itapanda. Ni haki yake. Mpwa wangu aliuliza mzee huyu anafanya nini pale. Anahesabu nani hajala. Kazi hiyo haina kipande cha sekunde 15, na timu isiyo na mtu wa kuifanya hulala njaa hata ikiwa na wafungaji watano.