Gundi ya Chujio, na Vifaranga vya Baba

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Kerugoya, na kwa wiki mbili sikugusa programu yoyote. Nilikuwa nikipambana na pipa.

Mtakumbuka mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila eneo bunge, kwenye maeneo bunge 140. Baba hakupata bwawa la serikali, lakini homa ya samaki aliipata na haijamtoka. (Cucu hali samaki mpaka leo. Wengi wa rika lake hawakulelewa nao.) Mwaka huu Baba alinunua vifaranga 120 vya tilapia huko Sagana, akavitia katika kidimbwi cha saruji nyuma ya jikoni. Maji yakaanza kunuka.

Mimi na digrii yangu ya kompyuta nikasema hilo ni jambo dogo. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto na sifongo huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati ambayo haina ukali huo. Kwa hiyo unahitaji pipa la lita 200, kokoto, sifongo na pampu ndogo. Kutoboa tundu la paipu ni kazi ya dakika tano. Kuziba pembeni mwa paipu ndiko kulikonitoa jasho.

Nilikwenda mjini nikanunua silikoni ya bafuni, nikaipaka, nikangoja saa tatu, nikafungulia maji. Kesho yake asubuhi nilimkuta Baba ameinama na karai. Vifaranga 43. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulipaka nini?"

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikasoma maandishi ya kwenye mrija. Yalisema inazuia ukungu. Silikoni za namna hiyo huwekewa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo inaweza kuua samaki pia. Siwezi kuapa kwamba ni dawa peke yake, maana silikoni mbichi nayo hutoa asidi inapokauka, ile harufu ya siki. Saa tatu hazikutosha hata kidogo. Siku nzima ndiyo mwanzo, na tabaka nene huhitaji siku kadhaa. Na msidanganywe na harufu: yenye dawa na isiyo na dawa zote zinaweza kunuka siki. Inayofaa ni ile iliyoandikwa silikoni asilimia 100, isiyo na dawa ya ukungu, au iliyotajwa wazi kuwa ya tangi la samaki.

Nikaipata, nikapaka upya, nikangoja siku nne. Haikuua samaki. Ila baada ya wiki ilibanduka yote kwa kipande kimoja, kama ganda la ndizi.

Hapo ndipo nilipogeuza pipa na kutazama chini. Kuna pembetatu ndogo yenye namba ndani. Namba 2 ni poliethilini, na plastiki hiyo haikubali gundi. Silikoni hushika kioo vizuri sana, lakini hapa huteleza tu. Epoksi vivyo hivyo. Gundi ya paipu za PVC huyeyusha PVC na kuiunganisha, yaani namba 3, lakini kwa namba 2 haifanyi kitu. Tazameni chupa za gundi zenyewe, nyingi ni za plastiki hii hii! Wiki nzima nilikuwa nikirekebisha mstari usio na kosa.

Fundi wa mabomba wa hapo sokoni alinicheka. Alinipa kiungo cha tangi la maji, kile chenye nati na washa mbili za mpira, moja ndani na moja nje. Unatoboa tundu linalokitosha sawasawa, unasugua makali yaliyobaki, unakaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana. Kwenye nyuzi za paipu unazungusha ile tepu nyeupe. Hakuna gundi hata tone.

Huu ni mwezi wa pili na halivuji. Vifaranga 77 waliobaki wamefika urefu wa kidole changu cha kati. Lakini juzi nilishika bomba la silikoni nizibe dirisha la jikoni, na Baba akaninyang'anya, akavaa miwani yake, akasoma maandishi yote mpaka chini ndipo akanirudishia.