Wanakula Nini Njiani?

Binti wa kaka yangu ana miaka 12, na ndiye msomaji wangu wa kwanza. Mwaka jana nilimpa madaftari matatu ya riwaya ninayoiandika: galaksi nzima, sayari 214 zenye majina, falme tisa, majini wanaolinda malango kati ya nyota na nyota, na vita ya miaka 300. Alisoma kwa siku nne pale barazani kwetu Bagamoyo. Alipomaliza hakuuliza nani atashinda. Aliuliza, "Shangazi, wanakula nini njiani?"

Sikuwa na jibu. Mashujaa wangu walipanda chombo katika aya moja, wakashuka sayari nyingine katika aya inayofuata. Galaksi ilikuwa kubwa kwenye ramani tu. Ukiisoma, ilikuwa ndogo kama ua wa nyumba.

Swali lile lilinisumbua wiki nzima, mpaka nikakumbuka kwamba nimezaliwa mahali ambapo watu waliwahi kulijibu kila siku. Misafara ya Unyamwezi ilikuja kutua mizigo yake Bagamoyo, na kila mtoto wa mjini kwetu anaoneshwa Caravanserai, kituo cha misafara hiyo. Lakini mimi sikuwahi kuvuka Dodoma. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, ana mama yake mzazi Igalula, wilaya ya Uyui, kusini-mashariki ya mji wa Tabora. Nikamwomba anipeleke. Nilichagua mwisho wa Julai, kiangazi, mwezi ukiwa mwandamo, ili nione nyota.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tulipanda treni ya umeme, safari ya saa chache. Dodoma tukahamia ile ya zamani, ya reli yenye upana wa mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1905. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na misafara ya wapagazi kwenye njia hii ikafifia. Usiku ule sikulala. Baada ya Manyoni yanaanza mapori, na kule Itigi vichaka vimefungamana hata mwanga wa behewa unaishia kwenye majani ya kwanza. Wasafiri wa zamani waliliita eneo hili Mgunda Mkali. Ilikuwa kazi ya siku nyingi kulivuka, maji ni ya kubahatisha, na aliyeanguka na mzigo wake aliachwa. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba: zaidi ya siku 130. Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha treni, chupa ya maji kifuani, nikipita juu ya yote hayo.

Mfukoni nilikuwa na masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani aliyekwenda bara kwa biashara. Carl Velten aliyachapa 1901 pamoja na safari nyingine za Waswahili. Humo kuna hongo. Msafara ukifika kwa mtemi, njia haifunguki mpaka kitu kitolewe: merikani, kaniki, shanga, waya. Watu wanakaa, wanahesabu nguo, wanabishana, siku inakwisha, kesho wanaanza upya, na wakati wote huo wapagazi wanakula. Nikayakumbuka malango yangu ya nyota yanayofunguka kwa neno la siri. Nikayafuta palepale, kwa penseli, treni ikitikisika. Lango la kweli hufunguliwa na mtu aliyekaa chini akiwa na kitu cha kutoa na subira ya kutosha.

Alfajiri tulipita eneo la Tura. Burton ameandika kwamba jina hilo lina maana ya kutua mzigo. Ndiyo makazi ya kwanza ya Unyamwezi baada ya Mgunda Mkali, na mtu aliyevuka pori lile akiwa na kilo zaidi ya 30 begani hakuhitaji kuambiwa kwa nini. Kati ya majina yangu 214 hakuna hata moja lililotokana na jambo ambalo mtu alilifanya mahali pale. Yote niliyachagua kwa mlio.

Tulishuka Igalula jua limepanda. Wachuuzi walikuwa wamepanga chupa za asali na karanga kando ya reli. Mama wa rafiki yangu ana zaidi ya miaka 80, na watu wote pale wanamwita Bibi. Nilipiga goti nikamsalimu "Shikamoo, Bibi." Akaitikia marahaba, kisha akanifundisha "mwangaluka" mpaka nikaitamka sawasawa. Aliposikia mimi ni Mzaramo wa Bagamoyo, alinyanyuka akasimama mlangoni na mkongojo wake umeziba njia.

"Mtani, hapa hapapitwi bure. Hongo iko wapi?"

Mwanawe alicheka, mimi nikatetemeka mwili mzima. Utani wetu na Wanyamwezi umetoka njiani, kwenye misafara hiyohiyo, watu waliozikana na kulishana mbali na kwao. Nilifungua begi nikatoa kanga, dagaa wa pwani na mfuko wa chumvi ya Nunge. Aliionja chumvi kwa ncha ya ulimi. "Ya Uvinza inaishinda," alisema, akaondoa mkongojo.

Mchana alinionyesha jibu la mtoto wetu. Alikuwa nalo kwenye kihenge. Viazi vitamu vikichimbwa vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa vibichi: hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa. Vinakaa mwaka mzima bila kuoza. Alinipa kipande cha tobolwa, chepesi, kigumu kama gome, rangi ya kaharabu kikiinuliwa juani. Nilikitia mdomoni, kwa muda hakikuwa na ladha yoyote. Kisha mate yakakiingia, utamu ukaanza kutoka polepole pembeni mwa ulimi, na dakika kumi baadaye bado nilikuwa nakitafuna kipande kilekile. Mtu anatembea na hiki saa nzima. Kiazi kilichotolewa maji kina uzito mdogo, na kila kilo anayoipunguza mpagazi kwenye chakula ni kilo ya pembe za ndovu anayoweza kuiongeza. Uchumi wote wa safari ulikuwa mdomoni mwangu.

Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha nyasi kisichofika kiunoni. Nilikiona nikanyamaza. Bibi ndiye aliyesema, "Hapo wenye nyumba wanapumzika." Alisema wakisahauliwa wanakasirika, wakikumbukwa kwa uji wanatulia. Majini wangu walikuwa na panga za moto na mabawa ya maili moja. Hawakuwa na njaa, wala jamaa. Sasa najua kwamba kiumbe wa ajabu anayepewa uji na wajukuu wake anatisha na kugusa moyo kuliko jini yeyote niliyewahi kumchora.

Wakubwa wa hadithi za anga nao hawakuanzia hewani. Isaac Asimov aliijenga dola yake ya galaksi juu ya kuanguka kwa Warumi. Frank Herbert alianza na matuta ya mchanga ya Oregon kabla ya kuandika Dune mwaka 1965. Katika filamu ya Star Wars ya 1983, rubani msaidizi Nien Nunb anazungumza Kikikuyu, kwa sauti ya Kipsang Rotich, mwanafunzi kutoka Kenya. Lugha ya jirani zetu ilifika kwenye nyota zao kabla ya wengi wetu kuthubutu kuandika nyota zetu. Nasema wengi, kwa sababu Shaaban Robert alikwisha kuinua nchi nzima angani mwaka 1951. Nchi hiyo, Kusadikika, inatuma wajumbe sita, pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, na kila anayerudi na elimu anatiwa gerezani. Katama Mkangi naye alimrusha mtu aliyehukumiwa kifo hadi sayari ya Walenisi mwaka 1995. Hawa ndio wazee wangu. Kilichobaki ni kuyajaza yale masafa kati ya ulimwengu na ulimwengu, na hiyo ni kazi ya wapagazi.

Jioni mwezi mwandamo ulionekana magharibi, mwembamba, ukazama mapema. Wazee wa pwani husema ndiyo sababu ya jina la Wanyamwezi: watu waliotoka upande unakoandama mwezi. Basi sisi wa Bagamoyo tulikuwa tukipokea wageni kutoka mwezini tangu zamani. Ulipozama, galaksi ilijitokeza. Sijawahi kuiona hivyo. Kwetu taa za mji zinaifuta. Hapa ilipita juu ya paa kama njia iliyokanyagwa, pana, yenye vumbi jeupe, na Nge amelala katikati yake. Nyota zisizopungua bilioni 100, na mwanga wenyewe unatumia miaka kama 100,000 kuivuka kutoka ukingo hadi ukingo. Bibi alikuwa kwenye kigoda, kanga mpya mabegani. Nilimuuliza watu wa zamani walitua wapi kati ya hapa na Tura. Akaanza kutaja visima, kimoja kimoja, kwa sauti ya mtu anayetaja watoto wake. Kimoja kimepewa jina kwa sababu mwanamke alijifungua pale. Kingine, watu waligombana juu ya kibuyu. Kingine maji yake ni machungu, yananyweka kwa shida tu. Niliandika gizani, mistari ikipandiana.

Nimerudi Bagamoyo na nusu debe la matobolwa. Sayari 214 zimebaki 31, na kila moja ina jina la jambo lililotendeka pale. Kati ya nyota na nyota ni miezi mitatu, na mzigo una uzito. Binti wa kaka yangu anatafuna huku akisoma sura mpya, na juzi aliuliza mpagazi wa nne amekwenda wapi, maana ukurasa uliopita alikuwepo.

Nawe msomaji, kama una bibi au babu aliyekulia kando ya njia hii, Mpwapwa, Tura, Kigwa, Igalula, Urambo mpaka Ujiji, keti naye wiki hii. Muulize majina ya visima na kilichotokea kwenye kila kimoja, uyaandike.