Breki ya Mbele Si ya Trafiki

Kaa kijiweni na bodaboda nusu saa tu, halafu ulizia breki ya mbele. Utaambiwa inapindua. Utapewa na mfano wa jamaa aliyeishika akaruka juu ya usukani, na kila anayesimulia atadai alimjua jamaa huyo. Ndiyo maana pikipiki nyingi zinazotubeba kutoka Savei kwenda Changanyikeni zina breki ya mbele iliyolegezwa makusudi. Unaminya mpaka vidole vinagusa mpira wa usukani, tairi haina habari.

Mdogo wangu naye ni bodaboda. Yuko kwenye mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, mpaka mkataba uishe pikipiki iwe yake. Bumu likichelewa, yeye ndiye anayenitumia hela ya kula, kwa hiyo pikipiki ile ina hisa kwenye shahada yangu. Likizo iliyopita alinibeba tukishuka mteremko, mtoto akachomoka kati ya daladala mbili zilizosimama. Tulisimama, kwa bahati, tairi la nyuma likiburuzika na pikipiki imekaa kiubavu kama kaa. Tulipofika nyumbani niliiminya breki ya mbele mwenyewe. Hamna kitu.

"Dada, hiyo ni ya trafiki tu," akasema. "Wakikagua wanaiona ipo."

Sasa mimi nasoma uhandisi mitambo, na jibu kama hilo haliniachi nilale. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na waliopanda unaegemea mbele. Ndiyo maana abiria humgonga dereva mgongoni kwa helmeti. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kupata mshiko, la nyuma linapungukiwa na kuanza kuteleza. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kama mita 11 kwa sekunde. Breki zinazopunguza mwendo huo kwa mita 3 kila sekunde zitakusimamisha baada ya mita 20 hivi. Zikipunguza kwa mita 6, utasimama baada ya mita 10. Kwenye lami kavu, breki ya nyuma peke yake iko jirani na hesabu ya kwanza, na zote mbili zikiwa nzima ya pili inafikika. Hapo sijaweka muda wa kushtuka. Yule mtoto alikuwa ndani ya zile mita kumi za katikati.

Dogo alinisikiliza, akahamia kwenye hoja ya pili: breki za dramu ni dhaifu kwa asili, breki ni za diski. Nikamwambia habari za mchezo wa trayo, ule wa kupanda na kushuka mawe kwa pikipiki bila kukanyaga chini. Sammy Miller wa Ireland Kaskazini alishinda Scottish Six Days Trial mwaka 1965 akiwa na Bultaco ya Hispania, na pikipiki hiyo ilikuwa na dramu mbele na nyuma. Mtu anashuka jiwe lenye utelezi polepole kabisa, kidole kimoja au viwili vikiwa kwenye breki ya mbele. Dramu iliyotunzwa inatosha. Ya kwetu haikuwa imetunzwa.

Bosi hapendi kusikia pikipiki imelala, kwa hiyo tuliifungua Jumapili alfajiri. Spana ya ekseli niliazima kwa fundi mmoja mzee pale mtaani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Unakwenda kuharibu nini?"

Tuliweka jiwe chini ya injini tairi la mbele likaelea, tukachomoa waya wa breki na wa spidi, tukatoa ekseli na tairi. Sahani ya breki ikatoka na viatu vyake viwili. Vumbi jeusi tulilifuta kwa kitambaa kibichi. Dogo alitaka kulipuliza kwa mdomo nikamkatalia, vumbi la breki si kitu cha kuingiza kifuani.

Nilitegemea kukuta viatu vimekwisha. Havikuwa vimekwisha hata kidogo, kwa sababu havikuwa vikifanya kazi. Vilikuwa vimeng'aa kama kioo. Tukavipitisha kwenye msasa mpaka vikarudi kuwa na uso mkavu, usio na mng'ao. Vingekuwa vimelowa grisi au oili ningevitupa, maana msasa hautoi mafuta yaliyokwisha kunywewa. Kile kipini kinachozunguka kutanua viatu kilikuwa na kutu. Tulikisafisha, tukakipaka grisi kidogo sana, ya kuonekana kwa shida, isije ikayeyuka na kutiririkia ndani. Waya nao ulikuwa umepinda karibu na taa na nyuzi mbili zimekatika. Huo hautengenezwi. Mpya ulitugharimu chini ya hesabu ya siku moja.

Kilichonikera zaidi ni kimkono kidogo cha nje, kile kinachovutwa na waya. Kimefungwa kwenye meno ya kipini, na kuna alama ya nukta kwenye kipini na nyingine kwenye kimkono, zinatakiwa zikutane. Kuna mtu aliwahi kukirudisha bila kuangalia nukta. Viatu vikigusa dramu, waya na kimkono vinatakiwa kukaribia pembe mraba, hapo ndipo nguvu ya vidole inafanya kazi yote. Chetu kilikuwa kinafika mahali kimelala karibu sambamba na waya. Ni sawa na kusukuma mlango karibu na bawaba halafu ulalamike kwamba mlango ni mzito.

Fundi mzee alikuja kufuata spana yake akatukuta tunarudisha tairi. Akasema alivyosema kila mtu, kwamba breki ya mbele itamuua huyu kijana. Halafu, akiwa bado anasema hivyo, akanizuia mkono nisikaze nati ya ekseli. "Zungusha tairi. Haya, minya breki, shikilia hapohapo. Sasa kaza." Sahani ikajipanga katikati na viatu vyote viwili vikagusa kwa pamoja. Kiukweli hiyo sikuipata darasani. Ni mtu anayejua kabisa namna ya kuifanya breki ya mbele ishike, na anawalegezea vijana kwa sababu ndivyo wanavyomwomba.

Na hofu yao haijatoka hewani. Mitaa yetu ina mchanga. Ukiinyakua breki ya mbele juu ya mchanga, au usukani ukiwa umekatwa kwenye kona, tairi linakimbia na unakwenda chini kweli. Ndiyo maana nilimfanyisha mazoezi barabara ikiwa tupu: pikipiki imenyooka, kwenye lami, unaminya taratibu kisha unaongeza, na mguu unasaidia nyuma. Mara ishirini za polepole kwanza, ili viatu vizoeane na dramu. Kisha kilomita 30 kwa saa, tukianza kufunga usawa wa nguzo ileile kila mara. Breki ya nyuma peke yake: hatua 14. Zote mbili: hatua 8. Dogo alirudia mara tatu, mara ya mwisho akahesabu hatua mwenyewe, hakuniamini.

Kijiweni wenzake wanamcheka, wanamwita Mzungu. Kwenye mchanga bado anatumia ya nyuma zaidi, na sina ubishi naye hapo. Juzi alinipigia nikiwa maktaba, nikatoka nje kupokea. Waya mpya umeanza kuvutika, akaniuliza ile nati ndogo aizungushe upande gani.